Kesi ya Asiyependwa Ndiyo Impimayo Wakili

Tarehe 1 Agosti 2014, Mahakama ya Katiba ya Uganda ilibatilisha Sheria ya Kupinga Ushoga ambayo Rais Yoweri Museveni alikuwa ameitia saini Februari ya mwaka huohuo. Waliokuwa wakingoja majaji waseme kama sheria ile ilikuwa ya haki au ya dhuluma hawakupata jibu. Majaji watano walijishughulisha na swali moja kavu, nalo ni akidi. Bunge lilipoupitisha mswada huo tarehe 20 Desemba 2013, Spika Rebecca Kadaga hakuhakikisha kwamba theluthi moja ya wabunge wenye haki ya kupiga kura walikuwamo ukumbini, ingawa Waziri Mkuu Amama Mbabazi na wenzake walikuwa wamelitaja jambo hilo waziwazi. Ushahidi ulikuwa umelala katika kumbukumbu rasmi za Bunge, mahali ambapo yeyote angeweza kuusoma. Sheria iliyojadiliwa duniani kote, ikapigiwa makofi na kulaaniwa kwa mahubiri na maandamano, iliangushwa na watu waliokwenda kusoma kurasa hizo. Wa kwanza kutajwa katika orodha ya walalamikaji alikuwa mwalimu wa sheria, Profesa Joe Oloka-Onyango wa Chuo Kikuu cha Makerere, ambaye pia ni miongoni mwa walioanzisha kliniki ya sheria ya maslahi ya umma katika chuo hicho.

Kisa hicho kina funzo ambalo vitivo vya sheria vya Afrika Mashariki bado havijalitazama usoni. Mjadala kuhusu wapenzi wa jinsia moja na watu wanaojitambua kwa jinsia tofauti na waliyoandikiwa walipozaliwa huendeshwa kwetu kwa sauti kubwa, kila upande ukitaja heshima, dini, utamaduni au utu. Lakini mashauri yanapofika mbele ya jaji, yanayoamua mara nyingi ni mambo ya ufundi: kanuni gani ilivunjwa, nani aliridhia nini, neno fulani katika Katiba linamhusu nani, na ushahidi uko wapi. Ndiyo maana makala haya yanashikilia kwamba vitivo vyetu vinapaswa kuwafunza wanafunzi, kwa vitendo na chini ya usimamizi wa mawakili, utafiti na utetezi wa haki za watu hawa. Chuo hakihitaji kujitwika bendera ya upande wowote katika mabishano ya maadili ili kufanya hivyo. Kinahitaji tu kukubali kwamba katika uwanja huu, kuliko mwingine wowote, mwanafunzi hujifunza upesi kutenganisha kelele na uthibitisho.

Kufunza sheria kwa vitendo ni wazo lenye historia ndefu. Kuanzia mwaka 1870, Christopher Columbus Langdell aliufanya usomaji wa hukumu za mahakama za rufaa kuwa kiini cha masomo ya sheria pale Harvard, na vyuo vingine vya Marekani vikafuata. Mwanafunzi alihitimu akiwa amesoma mamia ya hukumu bila kumwona mteja hata mmoja. Mwaka 1933 Jerome Frank, mwanasheria ambaye baadaye alikuwa jaji, aliushambulia utaratibu huo. Alidai kwamba sheria ifundishwe kama udaktari unavyofundishwa, mwanafunzi akiwa kando ya mgonjwa na mwalimu akiwa nyuma yake. Wazo hilo lilikaa miaka mingi bila fedha, hadi mwaka 1968 Ford Foundation ilipoanza kugharimia kliniki katika vyuo vingi vya sheria kupitia baraza lililoongozwa na William Pincus. Leo Chama cha Mawakili cha Marekani, ambacho ndicho kinachoidhinisha vyuo vya sheria nchini humo, kinamtaka kila mwanafunzi akamilishe angalau krediti 6 za mafunzo ya vitendo kabla ya kuhitimu. Hata Afrika Mashariki wazo hili si geni. Kamati ya Msaada wa Kisheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza kuwahudumia wananchi wasio na uwezo katika miaka ya 1960, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Kenya ya mwaka 2016 inavitambua vyuo vikuu vyenye kliniki kuwa miongoni mwa watoaji halali wa msaada huo.

Kliniki zinazoshughulikia haki za watu hawa, kwa kifupi LGBT, zilichipuka kwenye shina hilohilo. Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilianzisha kliniki ya sheria ya jinsia na mwelekeo wa kimapenzi mwaka 2006 chini ya Suzanne Goldberg, wakili aliyewahi kufanya kazi katika Lambda Legal, shirika linalotetea haki hizo. Harvard ilifuata na kliniki yake ya utetezi wa LGBTQ mwaka 2020. Kabla ya hizo, mwaka 2001, kitivo cha sheria cha UCLA huko Los Angeles kilikuwa kimeanzisha Williams Institute, ambayo si kliniki ya kupokea wateja bali ni kituo cha utafiti kinachozalisha takwimu na uchambuzi wa sera. Kazi za kila siku za mwanafunzi katika kliniki ya namna hii hazina mbwembwe. Humhoji mteja kwa saa nyingi, huandika hati ya kiapo na kuiandika upya, hutafuta sheria za nchi tatu au nne ili kuzilinganisha, huandaa maelezo ya rafiki wa mahakama (yaani asiye mhusika wa shauri anayeisaidia mahakama kwa hoja au ushahidi), na kila karatasi hupitiwa na wakili anayemsimamia kabla haijatoka. Katika mashauri ya hifadhi ya ukimbizi mkondo huo hutufikia hata sisi. Marekani ilianza kuyatambua maombi ya watu wanaokimbia mateso kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja katika shauri la mwaka 1990, ambalo mwaka 1994 Mwanasheria Mkuu Janet Reno aliagiza lifuatwe kama mwongozo. Tangu hapo, mwanafunzi wa New York anayemtetea mwombaji kutoka Kampala hana budi kuisoma Kanuni ya Adhabu ya Uganda kifungu kwa kifungu. Ni lazima aithibitishe hali ya nchi na ukweli wa simulizi ya mteja, na akishindwa kimojawapo mteja anarudishwa alikotoka.

Thamani ya utafiti wa namna hii imeonekana katika mahakama kubwa kabisa. Mwaka 1986, katika shauri la Bowers dhidi ya Hardwick, Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilikubali kwamba jimbo la Georgia lingeweza kuwaadhibu watu wazima wa jinsia moja walioridhiana kufanya mapenzi faraghani, na moja ya nguzo za hukumu hiyo ilikuwa dai la kihistoria kwamba makatazo hayo yana mizizi ya kale. Miaka 17 baadaye, katika shauri la Lawrence dhidi ya Texas, kundi la maprofesa wa historia, George Chauncey akiwa mmoja wao, liliwasilisha maelezo ya rafiki wa mahakama yaliyolipima dai hilo kwa nyaraka. Walionyesha kwamba sheria za zamani zilikataza vitendo fulani bila kujali kama wahusika ni mwanamume na mwanamke au watu wa jinsia moja, na kwamba sheria zilizowalenga wapenzi wa jinsia moja peke yao zilijitokeza Marekani katika miaka ya 1970. Jaji Anthony Kennedy alipoandika hukumu ya tarehe 26 Juni 2003 iliyoitengua ile ya 1986, alikiri kwamba historia iliyotegemewa zamani ilikuwa na walakini. Hotuba za huruma zilikuwapo mwaka 1986 pia na hazikutosha. Safari hii kulikuwa na watu waliokwenda kwenye makavazi.

Utafiti wa kweli una tabia ya kuwaudhi hata wale wanaoutegemea. Kwa miaka mingi wanaharakati wa Marekani walikuwa wakidai kwamba mtu mmoja kati ya kila 10 ni shoga au msagaji. Mwaka 2011 Gary Gates, mtafiti wa Williams Institute, alizichambua tafiti zilizokuwapo na kukadiria kwamba watu wazima waliojitambulisha hivyo, pamoja na wanaopenda jinsia zote mbili, walikuwa asilimia 3.5, na waliojitambua kwa jinsia nyingine walikuwa asilimia 0.3. Jumla yao ilikuwa karibu watu milioni 9, pungufu sana ya idadi iliyozoeleka, na baadhi ya wanaharakati walimlaumu kwa kuwapunguzia nguvu. Miaka minne baadaye, katika shauri la Obergefell dhidi ya Hodges lililoruhusu ndoa za jinsia moja nchini kote Marekani, mahakama iliyataja maelezo ya Gates ilipozungumzia watoto wanaolelewa na wapenzi wa jinsia moja. Lau Gates angeendelea kuikariri ile asilimia 10 kwa sababu iliwapendeza wenzake, wakili wa upande wa pili angemvua nguo kwa maswali mawili. Mwanafunzi anayeingia kliniki akidhani utetezi ni kusema lolote linaloufaa upande wake hupata hapo somo la kwanza, kwamba takwimu mbovu ni mzigo kwa mteja kabla haijawa aibu kwa wakili.

Turudi kwetu, kwa kuwa Kenya ina mfululizo wa hukumu ambao mwalimu yeyote wa sheria angetamani kuufundisha. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanaharakati aliyebadili jinsia, cheti kipya cha kidato cha nne. Mahakama haikuhitaji kuamua mwanamke ni nani. Ilitazama kanuni za baraza lenyewe na kuona kwamba hazikulazimisha cheti kiwe na alama ya jinsia, basi alama hiyo ikaondolewa. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa Ukunda, kaunti ya Kwale, wakapelekwa hospitalini Mombasa kupimwa kwa nguvu sehemu zao za siri kwa madai ya kutafuta ushahidi wa mapenzi ya jinsia moja. Mahakama Kuu ilikubali upimaji huo mwaka 2016. Chama cha Madaktari wa Kenya kiliulaani mwaka 2017, na tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufaa iliyokaa Mombasa ikaamua kwamba ulivunja utu na haki za washukiwa hao. Kesi ile haikuwataka majaji wakipende kitendo chochote. Iliwataka waamue kama daktari anaweza kuingiza chombo mwilini mwa mtu asiyeridhia kwa sababu polisi wametaka. Uamuzi huo sasa unamlinda mshukiwa yeyote nchini, awe ameshtakiwa kwa wizi wa kuku au kwa mauaji.

Mwaka 2023 ilikuja hukumu iliyozua ghadhabu kubwa zaidi, na ambayo wengi walioilaani hawakuisoma. Eric Gitari aliomba kusajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji, na Bodi ya Uratibu wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ikalikataa jina lake. Alishinda Mahakama Kuu mwaka 2015, akashinda tena Mahakama ya Rufaa mwaka 2019, na tarehe 24 Februari 2023 majaji watatu dhidi ya wawili wa Mahakama ya Juu waliuthibitisha ushindi huo. Mahakama haikuvifuta vifungu vya adhabu kwa mapenzi ya jinsia moja wala haikugusa ndoa. Swali lake lilihusu Ibara ya 36 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kujiunga na wenzake: je, maneno “kila mtu” yanamaanisha kila mtu, au kila mtu anayekubalika kwa wengi? Jibu lolote kwa swali hilo linakihusu chama cha wachuuzi, kanisa dogo lisilopendwa na majirani, na kikundi cha wakulima kinachomkera gavana. Kesi za wachache wanaochukiwa ndizo zinazoiweka sheria ya watu wote kwenye mizani, kwa sababu serikali haina haja ya kuvunja kanuni inapomshughulikia mtu anayependwa.

Haki inadai tuitaje na kesi iliyoshindwa. Tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu jijini Nairobi walikataa kuvibatilisha vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyotumiwa kuadhibu mapenzi ya jinsia moja, ambavyo asili yake ni sheria za kikoloni, na kile cha kwanza hubeba kifungo cha hadi miaka 14. Walisema vifungu hivyo humhusu mtu yeyote, kwa hiyo havibagui. Walisema pia kwamba baadhi ya madai ya walalamikaji hayakuambatana na ushahidi wa kutosha, na kwamba kati ya maoni ya wataalamu yaliyokinzana hawakuona uthibitisho usio na shaka kwamba mwelekeo wa kimapenzi ni wa kuzaliwa nao. Siku 18 baadaye, Mahakama Kuu ya Botswana ilifikia uamuzi ulio kinyume kuhusu vifungu vinavyofanana na hivyo, na ushahidi wa kitaalamu ulioletwa na shirika la LEGABIBO kama rafiki wa mahakama ulikuwa sehemu ya msingi wake. Mahakama ya Rufaa ya Botswana iliuthibitisha uamuzi huo Novemba 2021. Msomaji makini atauliza: je, ni ushahidi uliotofautisha hukumu hizo, au ni majaji na katiba? Ukweli ni kwamba Katiba ya Kenya ina Ibara ya 45, inayozungumzia ndoa ya watu wa jinsia tofauti, na majaji wa Nairobi waliitegemea. Ushahidi peke yake hauwezi kushinda kila kitu. Hata hivyo, jaji anayekataa ombi kwa kusema ushahidi haukutosha anamwachia wakili anayefuata orodha ya kazi, na kazi hiyo ya kukusanya hati za kiapo, rekodi za hospitali na kumbukumbu za polisi kwa miezi mingi bila malipo ndiyo inayoifaa kliniki ya chuo kikuu.

Pingamizi la kwanza na zito kuliko yote ni la dini na maadili. Wananchi wengi wa Kenya, Tanzania na Uganda, Waislamu kwa Wakristo, wanaamini kwamba mapenzi ya jinsia moja ni dhambi, na mzazi anayelipa karo ana haki ya kuuliza kwa nini mwanawe afundishwe kuyatetea. Pingamizi hili lisijibiwe kwa dharau. Jibu lake ni kwamba kumtetea mtu mahakamani hakujawahi kumaanisha kuyabariki matendo yake. Wakili wa mtuhumiwa wa mauaji hatetei mauaji. Mwanafunzi ambaye dhamiri yake inamkataza aruhusiwe kuchagua kliniki nyingine, ya ardhi, ya watoto au ya wafanyakazi, bila kupunguziwa alama. Lakini asidhani kwamba dini yake inamruhusu kuupuuza ushahidi. Wanaosoma fiqhi katika vyuo vya Lamu na Mombasa hufundishwa mapema kwamba mzigo wa kuthibitisha uko juu ya mwenye kudai, na kwamba tuhuma juu ya heshima ya mtu si jambo la kurushwa ovyo. Anayeamini kwamba kitendo fulani ni dhambi bado anaweza kuamini, kwa nguvu zote, kwamba polisi hawapaswi kumvua mtu nguo kwa kukisia tu. Maoni hayo mawili yanakaa katika kifua kimoja bila kugombana.

Pingamizi la pili ni la sheria yenyewe: chuo kitafundishaje utetezi huu mahali ambapo kuutamka ni hatari? Hofu hiyo ina msingi. Makerere ina mradi wa sheria ya wakimbizi, ulioanzishwa mwaka 1999 chini ya kitivo chake cha sheria, na mwaka 2014 serikali ya Uganda ilisimamisha kazi zake kwa wakimbizi kwa madai kwamba ulikuwa ukieneza ushoga. Oktoba 2017 polisi wa Dar es Salaam walivamia mkutano wa mawakili na wanaharakati waliokuwa wakishauriana kuhusu shauri la kupinga kufungwa kwa huduma za afya zilizowahudumia watu hawa, wakawakamata, na wageni kutoka Afrika Kusini wakafukuzwa nchini. Sheria mpya ya Uganda ya mwaka 2023, ambayo Mahakama ya Katiba iliiacha sehemu yake kubwa isimame katika hukumu ya tarehe 3 Aprili 2024, inatoa kifungo cha hadi miaka 20 kwa kosa la “kukuza” ushoga. Hakuna mwalimu mwenye akili timamu atakayewapeleka wanafunzi wa miaka 21 kwenye moto huo bila kinga. Lakini hatari hiyo inatudai mafunzo bora zaidi. Mwanafunzi anapaswa kujua tofauti kati ya kumwakilisha mshtakiwa, ambayo ni haki ya kikatiba ya mshtakiwa huyo, na kuhamasisha umma. Anapaswa kujua namna ya kulificha jina la mteja, kama mahakama ya Mombasa ilivyowataja wale wanaume wawili kwa herufi tu, na jinsi ya kuyatunza mafaili yasisomwe na asiyehusika. Mahali ambapo uwakilishi wenyewe hauwezekani, utafiti wa hukumu na sheria linganishi bado unawezekana maktabani. Wakili ambaye hakufunzwa haya atayajifunza siku mteja wake atakapokuwa mahabusu, na gharama ya somo hilo atailipa mteja.

Wapo pia wanaosema kwamba kliniki ni siasa iliyovaa joho, tena siasa inayolipiwa na wageni. Kuhusu siasa, tukumbuke yaliyoipata kliniki ya sheria ya mazingira ya Chuo Kikuu cha Tulane, Louisiana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanafunzi wake waliwawakilisha wakazi wa mji mdogo wa Convent, wengi wao weusi na maskini, waliopinga kiwanda kikubwa cha plastiki cha kampuni ya Shintech. Gavana Mike Foster na wafanyabiashara walikasirika, kiwanda hakikujengwa pale, na mwaka 1998 Mahakama Kuu Kabisa ya Louisiana ikabana kanuni za uwakilishi wa wanafunzi hivi kwamba vikundi vingi vya wananchi havikuweza tena kuhudumiwa. Hapo hapakuwa na shoga wala msagaji. Mlango wa kuifunga kliniki kwa sababu mteja wake anaudhi ukishafunguliwa, atakayefuata kutupwa nje ni mkulima anayegombana na mwekezaji. Kuhusu wageni, Wakenya wana kumbukumbu nzuri ya kesi ya Kapenguria. Jomo Kenyatta na wenzake watano waliposhtakiwa mwaka 1952, utetezi wao uliongozwa na D. N. Pritt kutoka Uingereza, akisaidiwa na mawakili wenye asili ya Kihindi kama Fitz de Souza na Achhroo Kapila, pamoja na Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya uwakili Tanganyika. Walikuwa wakimtetea mtu aliyechukiwa kuliko wote na serikali ya siku hizo, na leo hatuwaiti vibaraka. Hata hivyo, wanaohofia fedha za nje wana hoja moja nzuri: ajenda hufuata hundi. Kwa hiyo kliniki igharimiwe kwanza na bajeti ya chuo, na kila mfadhili mwingine atangazwe hadharani.

Pingamizi la mwisho ni la vipaumbele. Magereza yetu yamejaa mahabusu wasio na dhamana, wajane wananyang'anywa mashamba, na wafanyakazi wa nyumbani hawalipwi. Kwa nini basi nguvu zielekezwe kwa watu wachache? Swali hili lingekuwa na uzito zaidi kama ujuzi ungekuwa wa aina mbili, mmoja wa mjane na mwingine wa shoga. Ujuzi ni mmoja. Mwanafunzi aliyejifunza kumhoji mtu aliyedhalilishwa bila kumdhalilisha mara ya pili atamhoji vizuri msichana aliyebakwa. Aliyejifunza kusaka dosari ya akidi katika kumbukumbu za Bunge ataisaka pia katika sheria ya fedha inayompandishia mama mboga kodi. Hakuna anayependekeza kliniki nzima ya LGBT katika kila chuo, kama ya Columbia. Kinachopendekezwa ni kwamba kliniki zilizopo zisiwafungie watu hawa mlango, na kwamba mashauri yao yaingie katika mtaala wa utafiti na utetezi pamoja na ya wengine.

Basi wakuu wa vitivo vya sheria na mabaraza yanayosimamia elimu hiyo Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wana kazi inayoeleweka. Waandike kanuni zinazoilinda kliniki dhidi ya shinikizo la nani awe mteja. Wateue mawakili wasimamizi wenye uzoefu na kuwalipa, kwa kuwa kliniki isiyo na msimamizi ni mchezo wa kuigiza unaochezea maisha ya watu. Waweke masharti makali ya usiri, uhuru wa dhamiri kwa mwanafunzi, na uwazi wa fedha. Wawape wanafunzi hukumu za 2014, 2018, 2019 na 2023 wazisome zote, zilizoshinda na zilizoshindwa, pamoja na maoni ya majaji waliopinga, kisha wawaulize kila upande ulithibitisha nini na ulishindwa kuthibitisha nini. Na wewe msomaji, ambaye pengine hukubaliani hata chembe na wateja wanaozungumziwa hapa, zisome hukumu hizo kabla ya kuzihukumu. Wakili aliyefunzwa kumtetea mtu ambaye nchi nzima imemkasirikia ndiye utakayemhitaji siku nchi itakapokukasirikia wewe.